Namba Kubwa, Feni Ndogo

Sisi ni watu wa baraza. Jioni, baada ya sala ya alasiri, tunakaa kwenye saruji ya duka lililofungwa hapa Machomane, Chake Chake. Muuza kahawa anakuja na dele lake, na tunalalamika. Kwa kawaida tunalalamikia mvua iliyonyesha karafuu zikiwa kwenye majamvi, bei ya nguru, na boti iliyochelewa kufika Mkoani. Wiki tatu hizi tumelalamikia prosesa.

Msicheke. Binti wa mmoja wetu yuko mwaka wa kwanza masomoni Unguja na anataka laptopu. Anasomea uchoraji wa majengo, programu zake nzito, na hilo baba yake amelielewa. Asilolielewa ni lile neno la mwisho kwenye ujumbe: iwe ya gemu. Mtoto huyu tangu mdogo anawafunga kaka zake mpira wa kwenye skrini, na hakuna aliyemtegemea kuacha kwa sababu amevuka bahari. Akaweka masharti matatu. Iwe ndogo, iingie begi la mgongoni, maana atapanda nayo boti na daladala. Iwe ya gemu. Isizidi milioni moja na nusu.

Baba yake ni mtu wa karafuu, na hesabu zake zote hupita shambani kwanza. Kwa ile bei tuliyoizoea miaka mingi, shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza pale kituoni ZSTC, milioni moja na nusu ni kilo 107 za karafuu kavu. Karafuu mbichi hupoteza kama theluthi mbili ya uzito wake juani, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya kilo 300 zilizochumwa kwa mkono, pishi kwa pishi, na wachumaji wamelipwa kabla mwenye shamba hajaona hata senti. Na mikarafuu haizai sawa kila mwaka, mnajua. Mtu anayelipa kwa kilo 300 za kupanda na kushuka mtini ana haki ya kuambiwa anachonunua ni kitu gani. Hilo tu ndilo tunalolidai, na hilo ndilo tulilonyimwa.

Sokoni Chake ukitaka nguru unamtazama jicho, unamfunua shavu, unanusa. Prosesa haina shavu la kufunua. Imechomelewa kwenye mazabodi, juu yake imelaliwa na bomba za shaba, juu ya hizo kuna bodi la plastiki, na kinachokufikia wewe mnunuzi ni stika. RAM pengine utaongeza, diski utabadilisha, betri ikifa utatafuta nyingine. Prosesa uliyoikosea siku ya kununua utaishi nayo mpaka laptopu iende jaani.

Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu mwenzetu mmoja, mwenye banda la gemu, alishaungua. Miaka miwili nyuma alitumiwa laptopu ya mtumba kutoka mjini. Muuzaji alimwapia kwamba hii ni saba, na saba ni kubwa kuliko tano, hata mtoto wa chekechea anajua. Mwenzetu akalipa pesa ya saba. Ilipofika, mpira ukawa unachezwa kwa awamu: mshambuliaji anapiga leo, kipa anaruka kesho. Watoto wa mtaa wakadai mia zao. Akaitwa kijana mmoja mjuzi, akabonyeza Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja, ukafunguka ukurasa wa mambo ya ndani ya mashine, akatazama, akanyamaza kwa adabu, kisha akasema, "Ami, hii ina viini viwili tu."

Kiini, kwa tulivyofahamishwa, ni kama mchumaji mmoja juu ya mkarafuu. Prosesa ya viini viwili ina wachumaji wawili, ya viini sita ina sita. Hao wawili wawe wepesi wa vidole namna gani, shamba la gemu za leo litawashinda.

Tangu siku hiyo tumekuwa wanafunzi wa stika. Na kadiri tunavyosoma ndivyo tunavyozidi kukasirika, kwa sababu tumegundua kwamba muuzaji yule hakusema uongo. Ilikuwa saba kweli. Chukua Intel. Mwaka 2016 walitoa i7-7500U, viini viwili. Mwaka uliofuata wakatoa i5-8250U, viini vinne. Tano ikaipiku saba, ndani ya nyumba moja, na kwenye meza za mitumba zote mbili utazikuta zimekaa bega kwa bega, na ni nadra kumkuta muuzaji anayeomba pesa kidogo kwa ile saba.

Kumbe tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazotaja kizazi, na herufi ya mwisho, ile inayojificha pembeni kabisa, ndiyo inayotaja kazi. U ni ya kubania umeme, wati 15 hivi, nzuri ya kuandikia barua ya kuomba ruhusa. H ni ya wati 45, na hiyo ndiyo ya gemu. HS utaikuta kwa AMD, ni dada yake H aliyefunga mkanda, wati 35, imekusudiwa mashine nyembamba. HX ni jitu la wati 55 na zaidi, linataka mwili mpana wa kulibeba. Herufi moja, yakhe! Mavuno ya mtu yamelala juu ya herufi moja, na wameiandika kwa maandishi ambayo mzee wetu mwenye miwani anayaona tu mchana wa jua kali.

Mkisema basi nunua AMD yaishe, hamjamaliza kitu. Kwa laptopu za mwaka 2023 AMD walipanga namba upya: tarakimu ya kwanza inataja mwaka, ya tatu ndiyo inayotaja ubongo wenyewe ni wa zama gani. Ryzen 5 7520U inaanza na saba, unaona ni ya juzi. Tarakimu yake ya tatu ni 2, maana yake usanifu wa Zen 2, uliotoka 2019, na viini vyake ni vinne. Ryzen 5 7640HS nayo inaanza na saba. Ya tatu ni 4, Zen 4, viini sita. Ndugu hao wanaitwa jina moja la ukoo na hawajawahi kula sinia moja.

Desemba 2023 Intel walitoa kurasa walizozipa jina la Core Truths, wakaisema hiyo hiyo 7520U mbele ya watu, wakaweka mpaka picha ya muuza dawa za uongo. Haukupita muda kurasa zikaondolewa. Nyani haoni kundule. Mwezi ule ule wao wenyewe walikuwa wanaing'oa herufi i kwenye majina yao ili kila kitu kianze upya, na Januari 2025 wakatuletea prosesa kama Core 5 210H: jina jipya, sanduku jipya, ndani yake usanifu wa familia ya kizazi cha 13. Maalim wetu wa hesabu alizinakili namba hizi zote kwenye karatasi, akaenda nazo nyumbani. Kesho yake akarudi, akaagiza kahawa, akasema amefundisha mifuatano miaka ishirini na mbili na hajawahi kukutana na mfuatano ambao mwenye nao hataki ufuatike.

Mnaweza kusema haya ni mambo ya watu wa mbali, wameyapanga kwa ajili ya wanunuzi wao. Sawa. Lakini mnunuzi wa London akikosea herufi anairudisha dukani Jumatatu. Sisi tukikosea, kuirudisha ni boti mpaka Unguja, boti nyingine mpaka Dar es Salaam, daladala mpaka Kariakoo, na ukifika kijana aliyekuuzia amehamia mtaa wa pili na kubadilisha laini. Ndiyo maana jina lenye fumbo linatuumiza sisi zaidi kuliko wanaolitunga.

Halafu kuna joto.

Hizi mashine tunaziona zikisifiwa kwenye video na watu waliovaa sweta. Sweta! Hapa kwetu kaskazi ikikolea, Januari na Februari, saa nne za asubuhi shati limeshakushika mgongoni. Feni ya laptopu haitengenezi ubaridi, inavuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye shaba. Ukiipa hewa ya moto na yenye unyevu wa chumvi, itafanya nini, masikini? Prosesa nyingi za aina hii zikikaribia nyuzi joto 100 hujilinda zenyewe kwa kupunguza kasi. Huoni moshi, husikii mlipuko. Unaona tu gemu iliyokuwa inakwenda kama mashua ya kusi imeanza kupiga makasia.

Na hapa ndipo sharti la udogo linapotugonganisha vichwa. Soma karatasi: i7-12700H ina viini 14, na Intel wanairuhusu kupanda kwa muda mfupi mpaka wati 115. Mdogo wake, i5-12450H, ana viini 8 na mwisho wake ni wati 95. Kwa karatasi, nani atachagua mdogo? Lakini zitie zote mbili kwenye mwili mwembamba wenye feni mbili za upana wa kikombe cha kahawa, na shaba ile ile inabeba pia joto la kadi ya grafiksi, kisha cheza nusu saa. Zote zitabanwa zishuke kuelekea wati 45, pengine chini zaidi. Umemwajiri mchumaji hodari wa kisiwa kizima ukampa pakacha la mtoto. Sisi tumeshakata shauri juu ya hili, na hatubishani tena: kwenye laptopu ndogo, fedha ya kupanda kutoka tano kwenda saba inamwagwa baharini. Bora ile fedha inunue feni nzuri na mtu wa kuifungua mashine kila baada ya mwaka, akaondoa vumbi na kubadilisha ile dawa nyeupe kama ya meno inayopakwa kati ya prosesa na shaba. Huku kwetu inakauka mapema kuliko wanavyodhani.

Udogo wenyewe nao wanauuza, tena kwa ukali. Mwaka 2020 ASUS walionyesha kwamba inawezekana: ile ROG Zephyrus G14, inchi 14, uzito kama kilo 1.6, na ndani yake Ryzen 9 4900HS. Tuliisifu sana, kama mtu anavyosifu nyumba ya jirani. Bei yake haikuwa ya karafuu za mtu mmoja kwa msimu mmoja. Na kila wanapoipunguza unene wanachomelea kitu kingine: toleo la 2020 lilikuwa na RAM nusu imechomelewa na nafasi moja ya kuongeza, la 2024 limechomelewa yote. Hata ile ruhusa ndogo ya kujipanga, ununue pungufu leo uongeze Mungu akijaalia, imeondoka.

Kinachobaki kwa pesa za watu kama sisi ni zile za inchi 15. Victus, Nitro, TUF, LOQ. Hazina ubaya, feni zao ni kubwa na zinapumua. Lakini Victus 15 peke yake inapita kilo mbili na robo, na chaja yake ni nusu tofali. Baba wa binti alipoinyanyua moja dukani akaiweka chini polepole, akasema, "Mwanangu mwembamba yule, mnambebesha sanduku la nguo?"

Wakati wazee tunagombana juu ya tano na saba, vijana wa banda walikuwa na neno lao, na tuliwanyamazisha wiki nzima kwa kosa la kuwa vijana. Siku ya nane mmoja akapata nafasi Maalim alipokuwa anatafuna kashata. "Wazee wangu, mnachagua nahodha, hamjauliza chombo." Kisha akatueleza. GTA V ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2015, na kiwango chake cha chini cha prosesa kilikuwa Core 2 Quad Q6600, kitu cha mwaka 2007. Gemu za mpira ndizo zinazochezwa zaidi hapa kisiwani, na nazo hazidai prosesa ya ajabu. EA Sports FC 24, ile ya kwanza kuacha jina la FIFA, ilitaka angalau kadi ya GTX 1050 Ti, RAM ya gigabaiti 8 na nafasi ya gigabaiti 100 kwenye diski. Kinachokwamisha mashine nyingi za bei ndogo ni kadi ya grafiksi. Viini sita vya Ryzen 5 5600H, au vya i5-11400H, vinailisha GTX 1650 na RTX 3050 mpaka kadi yenyewe iseme imeshiba. Kuongeza laki tatu upate i7 mbele ya kadi ile ile ni kumfungia mwenye ngalawa injini ya boti la abiria.

Tulimwomba radhi kijana yule. Kisha tukamkasirikia tena, kwa sababu aliendelea. Kadi nayo ina fumbo lake. RTX 3050 ya laptopu, jina moja, NVIDIA wanawaachia watengenezaji waiendeshe kuanzia wati 35 hadi 80. Ya wati 35 inakwenda kwenye mashine nyembamba. Mara nyingi stika haitaji wati. Kwa hiyo unaweza kulipia jina kamili ukapewa nusu ya nguvu, na hakuna aliyekudanganya.

Hapo muuza kahawa, ambaye kwa kawaida haingilii, aliuliza kama kuna bidhaa nyingine yoyote duniani inayouzwa hivi. Tukafikiri. Mmoja akasema unga wa ngano wa kupimiwa. Hatukuafikiana.

Ipo njia ya kuepuka kadi kabisa, na kwa sharti la udogo ndiyo iliyotupendeza. Prosesa kama Ryzen 7 6800H ina grafiksi yake ya ndani, Radeon 680M, ambayo inakaribia kazi ya GTX 1650 zile za kubanwa. Joto la vitu viwili linakuwa la kimoja, mwili unapungua, begi linafunga. Lakini grafiksi ya ndani inakopa RAM ya mashine, na lazima RAM ziwe mbili, zikikaa sambamba. Ikiwa moja tu, ni ile barabara ya zamani ya Chake kwenda Wete gari mbili zikikutana: mmoja anasubiri. Na wauzaji wanapenda kuweka moja. Utaambiwa gigabaiti 16, utafurahi, hutauliza ni kipande kimoja au viwili.

Ungeongeza mwenyewe, lakini tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepaa dunia nzima, viwanda vinauza kwanza kwa wenye mitambo ya akili mnemba. Desemba hiyo Micron walitangaza kwamba wanaachana na Crucial, chapa yao ya kuwauzia watu wa kawaida. Watu wa kawaida ndio sisi. Tulidhani tuko mbali sana na hayo mambo, kumbe yametufikia kabla ya barua.

Ziko pia zile laptopu za maofisini zinazoshuka kwa wingi bandarini, EliteBook na Latitude na ThinkPad, imara, nyepesi, bei ya kuvutia. Wenzetu wengi wamenunua na hatuwalaumu, kwa kazi ya ofisi ni mali. Ila tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wamesitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 kwa utaratibu wao inaanzia kizazi cha 8 cha Intel. Zile za cha 6 na cha 7 zilizokuwa maofisini Ulaya zimekuwa mzigo kwao, na mzigo unatafuta kisiwa. Tena karibu zote ni za herufi U. Muuzaji akikwambia hii inacheza gemu, mwulize gemu gani, ya mwaka gani. San Andreas itacheza. San Andreas inacheza hata kwenye simu.

Umeme hatutausema sana. Waliokuwa watu wazima zama za majenereta ya Wesha wanajua tulikotoka, na waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipoanza kazi mwaka 2010 tulishukuru, na bado tunashukuru. Hata gharama yake kwa gemu si ya kutisha: mashine ikila wati 150 kwa saa nne ni uniti 0.6 kwenye mita ya Tukuza, mama anapika maharage kwa jiko la umeme kwa zaidi ya hiyo. Linalotusumbua ni zile dakika ambazo umeme haupo. Laptopu ya gemu ikitoka kwenye chaja inapunguza nguvu, prosesa na kadi zote zinajikunja. Betri nazo hawazipitishi wati-saa 100, kwa sababu ya masharti ya kupanda nazo ndege. Mashine inayokula wati mia kwa betri ya wati-saa mia, gawanyeni wenyewe. Na betri za mtumba hazijafika mia tangu zama za mwenyewe wa kwanza. Hapa AMD za HS zinatupa nafuu kidogo, zinakula polepole. Tunakubali jema tukiliona.

Kuhusu pa kununulia tulikaa siku mbili nzima. Chake na Wete maduka yapo, lakini ukitaja herufi H unaambiwa itaagizwa, na itakayoagizwa inatoka Darajani au Kariakoo, imeongezewa safari. Ami yake binti yuko Muscat, akasema atatazama Ruwi. Faida ya huko ni kwamba plagi yao ni hii hii yetu ya miguu mitatu bapa, na anaweza kuiwasha mbele ya macho yake. Kasoro ni waranti: ya huko mara nyingi inaishia huko. Na ami mwenyewe, Mungu amweke, akiona stika yenye saba na taa nyekundu kwenye kibodi hashikiki. Tumemtumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Amejibu kwa kidole gumba. Hatujui amesikiliza.

Kwa hiyo tukaandika karatasi, Maalim ndiye aliyeshika kalamu, baada ya kufuta mara nne. Inchi 14 ikipatikana, 15 isiyozidi kilo mbili ikishindikana. Viini visivyopungua sita. Ryzen 5 5600H, au 6600H, au i5 ya H ya kizazi cha 11 au cha 12, saba ikija bila kuongeza bei ipokewe kama mgeni, isitafutwe. Kadi iwe GTX 1650 au RTX 3050, na kama hakuna kadi basi 6800H yenye RAM mbili. Muuzaji apige video, si picha, akibonyeza Ctrl na Shift na Esc, tuone viini kwa macho yetu, kisha acheze mpira dakika ishirini mfululizo, dirisha likiwa limefunguliwa na kiyoyozi kimezimwa. Baba wa binti akaongeza kwa mkono wake mwenyewe: "Na ipimwe kwenye mizani."

Muuzaji mmoja wa Kariakoo alikubali video. Tukasubiri. Jana, magharibi inakaribia, simu ya baba ikalia, tukajikusanya juu yake vichwa saba kama kuku wanaopewa mtama. Haikuwa video. Ilikuwa picha moja ya stika, ameishika kwa mkono, nembo inaonekana, tano inaonekana, tarakimu zote nne zinaonekana, na pale mwisho kabisa, penye herufi, kimelala kidole chake.

"Mwandikie," Maalim akasema. "Mwambie atoe kidole."